Kasha la rivolva la mbao: fundi ataka kung'oa vyuma vyote vya zamani aweke vipya. Nimkatalie?

MwanaKibokoni
Salaam jukwaani. Nina kasha la mbao lililokuwa la kuwekea rivolva. Silaha yenyewe haimo, na hata bibi yangu hakupata kuiona; yeye alilikuta tupu akawa aweka hati za nyumba na risiti za maji. Ubao ni mahogani, ndani limetandikwa kitambaa cha sufu ya kijani na kugawanywa vyumba. Juu ya kifuniko pana duara la shaba ya njano lenye kishikio kinacholala usawa na ubao. Mbele pana kitasa bila ufunguo na kulabu moja. Ya pili haipo, imebaki alama. Bawaba ya kushoto ni ya shaba, ya kulia ni ya chuma, imekula kutu na ubao chini yake umekuwa mweusi. Na hapo mbele kuna matundu mawili yaliyozibwa kwa vijiti.

Fundi niliyempelekea kule Makupa, hapa Mombasa, asema ang'oe kila kitu, anunue seti mpya inayong'aa, apige msasa na vanishi, kesho kutwa nichukue. Moyo wanisita. Mwenye kujua kurejesha vyuma vya asili anijuze nianzie wapi. Na yale matundu mawili yalikuwa ya nini?

RandaNaPatasi
Usiulize mara mbili. Nenda kalichukue leo hii kabla hajafungua msasa. Vanishi hutoka, ubao uliokwanguliwa haurudi.

Ukilipata, usimwage mafuta kwenye skrubu, mafuta yataingia ubaoni na doa halitoki. Safisha mfuo wa kichwa cha skrubu kwa sindano mpaka uone shaba. Chonga bisibisi yako kwa tupa hadi ijae mfuo wote, upana na unene. Kisha, kabla ya kulegeza, kaza kidogo, kidogo mno, uisikie imeachia. Ikigoma, weka ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kichwa chake ipate moto, iache ipoe, ujaribu tena. Kila skrubu irudi tundu lake. Chora kasha kwenye kadibodi, uzichomeke hapo kwa mpangilio wake.

Mchokozi254
Picha iko wapi? Bila picha huu ni uzi wa ngano.

GatiLaZamani
Kasha kama hilo watalii wa Nyali walinunua bila kujadili bei. Lakini angalia, kitu kilichozidi miaka 100 hakitoki nchini bila kibali.

Wakili_wa_Kibarazani
@GatiLaZamani hapo rekebisha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 haisemi miaka 100. Yasema kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki ndiyo ina tarehe yake mbali, kabla ya 1946. Kwa hivyo suala la kasha hili ni lini liliingia bandarini, si umri wake tu. Na mwaka huo 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao hapa, kwa hivyo hapo mstari ni mwembamba sana.

La pili. Kasha tupu halina shida na mtu. Lakini ukiinua kitambaa ukakuta kipande chochote cha bastola, hata mtutu peke yake, usikipige picha ukakileta humu. Sheria ya Silaha, sura ya 114, haichezewi. Kituoni moja kwa moja.

MwanaKibokoni
Ahsanteni. Kasha nimelichukua, fundi amenuna. @Mchokozi254 picha hizo nimeweka.

Tazameni mambo mawili. Lile duara la kifuniko lina mabaka ya rangi ya waridi, si njano. Na kuna ungaunga mweupe, mwingine kuzunguka duara, mwingine ndani kwenye kijichumba cha pembeni kilicho na kifuniko chake kidogo.

ShangaziLikoni
Mwanangu, shaba haikuanza kusafishwa leo. Limau nusu, majivu ya jikoni, sugua, suuza, anika. Au ukwaju uliolowekwa. Sinia za harusi za mama yangu zilikuwa zang'aa hivyo kila Idi mpaka unajiona uso.

MkemiaWaJomvu
Shangazi, kwa heshima zote, hayo mabaka ya waridi huenda ndiyo kazi ya limau. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi huila zinki kwanza, na inayobaki juu ni shaba nyekundu. Sinia nene litavumilia miaka mingi kwa sababu kila ukisugua unaondoa ngozi nzima. Duara la kasha ni bati jembamba na pembezoni pana ubao. Limau hupenya chini, halisuuzwi likatoka, linaendelea kula.

Dawa za kopo nazo nyingi zina amonia. Amonia na shaba ya njano iliyofinyangwa kwa nguvu haziishi nyumba moja. Waingereza walijifunza India: maganda ya risasi ya shaba yaliyohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua za monsuni yalipasuka yenyewe, hayajafyatuliwa. Ni mvuke wa mkojo wa farasi. Sababu yake kamili ilikuja kuelezwa miaka ya 1920. Bawaba nayo ni bati lililokunjwa, lina mkazo huohuo ndani yake.

ShangaziLikoni
Kwa hivyo sinia za mama zina mkojo wa farasi? Haya.

Mchokozi254
😂😂 Shangazi leo kapatikana.

KusiNaKaskazi
Mimi siafiki kuwa kila waridi ni limau. Nimefanya kazi na vyombo vya baharini. Taa na vifungo vya shaba kwenye majahazi hugeuka waridi bila kuona limau wala ukwaju, ni chumvi na unyevu tu. Nyumba ya Kibokoni iko umbali gani na maji? Upepo wa kusi wabeba chumvi mpaka ndani ya kabati. Miaka yote hiyo, hata asiguse mtu, lingekuwa na mabaka.

RandaNaPatasi
Au lilitengenezwa vipande viwili, bamba kutoka subu moja na kishikio kutoka nyingine, moja ina shaba nyekundu zaidi. Birmingham kulikuwa na viwanda vidogo vya shaba vingi, na mtengenezaji wa kasha alinunua alichokipata. Kwenye picha ya tatu waridi lakoma pale kishikio kinapoanza.

KusiNaKaskazi
Picha ya tatu ina kivuli.

MkemiaWaJomvu
Tuache waridi, huo unga mweupe ndio wanitia wasiwasi. @MwanaKibokoni usiupulize, usiunuse, na osha mikono. Kijichumba cha pembeni chenye kifuniko ndipo zilipokaa risasi. Ubao hutoa mvuke wa asidi ya siki, mwaloni zaidi ya wote, na mvuke huo ukikutana na madini ya risasi hutengeneza unga mweupe. Unga huo ni sumu. Watu wa makumbusho huogopa kuweka vitu vya risasi kwenye makabati ya mwaloni kwa sababu hiyohiyo.

GatiLaZamani
Lakini yeye amesema mahogani, si mwaloni.

MkemiaWaJomvu
Nje mahogani. Vigawanyio vya ndani vimefunikwa kitambaa, nani amevitazama?

MamaNta
Jamani, Mombasa mwezi wa tano kila kitu kina unga mweupe. Viatu, mikanda, misahafu. Hiyo ni ukungu. Sufu na gundi ni chakula chake. Ukungu una nyuzinyuzi, tazama kwa kioo cha kukuzia.

RandaNaPatasi
Ule wa kuzunguka duara si wa risasi wala si ukungu. Ni mabaki ya dawa ya kung'arishia, hukaukia pembeni. Mtu alisugua shaba bila kuitoa ubaoni. Nimekuta hivyo kwenye makasha mengi.

MwanaKibokoni
Nimetazama kwa kioo. Wa kwenye duara ni mkavu, umeganda kama chokaa. Wa kijichumbani ni laini. Nyuzinyuzi sioni, ila macho yangu nayo…

Tanga_Kwetu
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mimi nina shaka ya msingi. Mna uhakika gani kuwa hilo ni kasha la rivolva? Wapima ardhi walikuwa na masanduku ya mahogani, duara la shaba juu, kulabu mbili mbele, ndani kijani. Madaktari vilevile, na seti za visu. Ulaya kuna wafanyabiashara huchukua sanduku la namna hiyo, wakatia vigawanyio vipya, wakaweka bastola ndani na bei ikapanda mara kadhaa. Matundu yaliyozibwa mbele ni dalili ya kwanza ya sanduku lililobadilishwa kazi.

GatiLaZamani
Mkuu wa Tanga umetuharibia uzi.

Wakili_wa_Kibarazani
Hapana, swali lake ni zuri. Kuna njia ya kulijibu. Kitambaa cha zamani huweka alama. Kama bastola ilikaa miaka, sufu itakuwa imelala kwa umbo lake: mtutu, kitako, silinda. Na umbo hilo lilingane na vigawanyio. Kasha la Kiingereza lina vyumba vya pembe nne vya chupa ya baruti, kalibu ya kusubia risasi, kikopo cha fataki (vikofia vidogo vya kuwashia baruti), bisibisi na kichupa cha mafuta. Mtindo wa Kifaransa huchimbwa kufuata umbo la kila kifaa.

MwanaKibokoni
Alama ipo, lakini hafifu. Upande wa kitako naona. Upande wa mtutu hati za bibi zimelalia miaka, pamekuwa tambarare. Ndani ya kifuniko kuna mstatili ambao kijani chake ni cheusi zaidi, kama palibandikwa karatasi ikatoka.

RandaNaPatasi
Hiyo ni lebo ya muuzaji. Hasara kubwa. Lakini usibandike nakala ya mtandaoni hapo, tafadhali.

MwanaKibokoni
Ami yangu asema lilitoka kwa mzungu wa reli, aliyekuja wakati wa kujenga njia ya kwenda Kisumu.

Wakili_wa_Kibarazani
Reli ilianza hapa Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901. Wakati huo bastola za maofisa, Webley na nyinginezo, zilikaa kwenye mikoba ya ngozi kiunoni. Kasha la mbao lenye chupa ya baruti na kalibu ni la enzi ya fataki, ya watengeneza rivolva Colt na Adams: Colt alifungua kiwanda London 1853 akakifunga 1856, na Adams alipata hataza yake 1851. Ni miaka arobaini kabla ya reli.

Tanga_Kwetu
Au mzungu wa reli alirithi la babake akaja nalo. Au alinunua mnadani. Ami hajakosea lazima.

KusiNaKaskazi
Au lilifika kwa jahazi kutoka Bombay kabla yake, na huo mzungu wa reli ni hadithi ya barazani. Kila kitu cha mbao Mji wa Kale kina mzungu wa reli.

RandaNaPatasi
Skrubu zitawaambia zaidi ya ami. @MwanaKibokoni toa moja ya bawaba ya shaba. Kama ncha yake ni butu, imekatwa tu, ni ya zamani, kabla ya katikati ya karne ya 19. Kama ina ncha kali inayojichimbia, ni ya mashine za baadaye. Hataza ya Marekani ni ya 1846, na Nettlefold wa Birmingham alinunua haki ya mashine hizo 1854. Mfuo ukiwa hauko katikati sawasawa, vizuri, ni dalili ya ukale. Na ukikuta kichwa cha msalaba, hicho ni cha miaka ya 1930 kuja huku, kacheke na ami wako.

Wakili_wa_Kibarazani
Tena kuna kisa hapo. Aliyetia fedha pamoja na Nettlefold ni baba yake Joseph Chamberlain, na kijana Joseph alipelekwa Birmingham kusimamia biashara hiyo ya skrubu. Ndiye huyo aliyekuja kuwa Waziri wa Makoloni, akashuka Mombasa Desemba 1902 na kupanda reli. Mwenye skrubu alikuja mwenyewe!

Mchokozi254
Basi yeye ndiye mzungu wa reli. Uzi ufungwe.

MwanaKibokoni
😄 Nimetoa moja. Ina ncha kali. Mfuo umeenda pembeni kidogo.

RandaNaPatasi
Baada ya 1846, basi. Si habari mbaya, yalingana na enzi ya Colt na Adams.

Tanga_Kwetu
Yalingana pia na sanduku la mpima ardhi.

FunguoZaBiashara
Nimechelewa lakini kitasa ndicho kazi yangu. Kwanza tazama uso wa kitasa, pale juu ukifungua kifuniko. Pana chapa? Herufi V na R chini ya taji ni za enzi ya Victoria, 1837 hadi 1901, kwa hivyo zitakupa karne tu, si mwaka.

Usikubali mtu akung'olee kitasa atie kipya. Hakuna kipya kitakachoingia kwenye shimo lile bila kupanua ubao. Ufunguo unaweza kutengenezwa. Ukiangaza tundu kwa tochi, katikati pana kijiti cha chuma kimesimama? Kikiwepo, ufunguo wako ni wa bomba, wenye tundu mbele, na tundu hilo lazima lienee kijiti bila kulegea. Tafuta ufunguo mtupu, usiochongwa bado, wa kipimo hicho, upitishe juu ya moto wa mshumaa mpaka ulimi wake uwe mweusi kwa masizi, ingiza, geuza kwa upole, toa. Palipokwaruzika masizi ndipo panapogusa. Piga tupa hapo, kidogo tu, rudia. Kazi hii haitaki mtu mwenye haraka. Anayetumia nguvu huvunja wenzo wa ndani, na hapo ndipo kilio.

Kama skrubu za kitasa zatoka, rahisi zaidi: kitoe, kifungue nyuma, uone wenzo kwa macho, upimie ufunguo mezani. Ndani usitie mafuta ya kupikia kama nilivyoona wengine. Unga wa penseli nyeusi watosha.

MwanaKibokoni
Kijiti kipo! Chapa sioni, pamesuguliwa sana.

MamaNta
Na kulabu iliyopotea?

RandaNaPatasi
Kulabu ni rahisi, isubiwe. Ile iliyobaki igandamizwe kwenye mchanga wa kusubia, shaba iyeyushwe, imiminwe. Ila mkumbuke shaba ikipoa hunywea, kama asilimia 1.5, kwa hivyo nakala huwa ndogo kidogo. Weka koti la nta juu ya ile ya asili kabla ya kuigandamiza, inenepe. Halafu chonga alama ndogo nyuma ya mpya, mwaka wa sasa, ili mtu wa baadaye asidanganyike.

Tanga_Kwetu
Kwa nini asinunue kulabu ya zamani mtandaoni? Zipo za makasha yaliyovunjika.

RandaNaPatasi
Kuvunja kasha la mwenzio ili utengeneze lako? Mimi siungi mkono hata kama limekwisha vunjwa. Soko hilo ndilo linalofanya yavunjwe.

FunguoZaBiashara
Mimi naunga. Kulabu imeshatoka kwenye kasha, itupwe?

KusiNaKaskazi
Nyinyi mwasahau matundu mawili. Kwangu ni wazi: mtu wa hapahapa Mombasa alipoteza ufunguo, akapiga kipete cha chuma mbele, akatia kufuli. Baadaye mwingine akakitoa akaziba. Umbali wa matundu ni upana wa kipete cha kawaida.

GatiLaZamani
Kama ni kipete, kungekuwa na matundu mengine kwenye kifuniko juu yake.

KusiNaKaskazi
Kifuniko kimeguswa na vanishi, hujui kilichofichwa.

RandaNaPatasi
Mimi nasema ndipo zilipokuwa kulabu za kwanza kabisa, karibu na kitasa, zikahamishwa pembeni.

Tanga_Kwetu
Mwajua msimamo wangu.

MkemiaWaJomvu
Bawaba ya chuma mumeiacha. Weusi wa ubao chini yake ni tanini ya mbao ikikutana na chuma na unyevu. Utaendelea maadamu chuma kipo. Iondolewe, ihifadhiwe kwenye bahasha pamoja na kasha, itiwe ya shaba.

MamaNta
Na mimi nasema ibaki. Mtu fulani, fundi wa Bondeni pengine, alikosa shaba akatia alichonacho ili kasha liendelee kufungika. Hiyo nayo ni historia ya kasha hili hapa kwetu, si ya Birmingham. Isafishwe kutu kwa brashi laini, ipakwe nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, chini yake pawekwe karatasi nyembamba iliyotiwa nta, isiguse ubao. Nta ya nyuki peke yake ina asidi kidogo, kwa hivyo shaba tia ile nta nyeupe ya makumbusho iliyotengenezewa British Museum miaka ya 1950, ukiipata.

ShangaziLikoni
Kwa hivyo kutu ibaki lakini limau marufuku. Nimesoma yote, nimechoka. Makasha yetu ya misumari ya shaba yaliyokuja kutoka Surat na Bombay tumeyapaka limau tangu zamani na yapo. La mama lina droo ya siri chini ya kijichumba, mtaalamu gani ameiona?

Mchokozi254
Shangazi droo ina nini?

ShangaziLikoni
Risiti za maji.

Wakili_wa_Kibarazani
@MwanaKibokoni kabla ya kuamua lolote, pita Ngome, makumbusho ya Fort Jesus. Pale kuna watu waliozoea vyuma vilivyokaa na chumvi. Vitu vya meli ya Santo António de Tanná iliyozama 1697 vilitolewa baharini 1977 hadi 1980 na vikahifadhiwa palepale. Kuuliza si kununua.

MwanaKibokoni
Nitapita. Ila kuna jipya. Nimefungua bawaba ya chuma kwa njia ya @RandaNaPatasi, skrubu zote zimetoka salama. Chini yake kuna mchoro wa bawaba ya awali kwenye ubao, uliochongwa kwa patasi. Mchoro huo ni mfupi kuliko bawaba ya shaba ya kushoto.

RandaNaPatasi
Mfupi kwa kiasi gani?

MwanaKibokoni
Upana wa skrubu moja, hivi.

Tanga_Kwetu
Basi hata ya kushoto si ya asili.

KusiNaKaskazi
Au kifuniko kilitoka kasha lingine. Tazama kama mistari ya ubao wa kifuniko yafuatana na ya ubavu.

FunguoZaBiashara
Toa ya kushoto pia tuone chini yake. Na kitasa usikiguse mpaka nikuone, nipo Biashara Street mpaka saa kumi na moja jioni.

MwanaKibokoni
Ya kushoto skrubu moja yagoma. Nimeazima chuma cha kulehemu kwa jirani, picha nitaweka usiku.